Anti wa Bustani: mwezi huu ni kadoni tu

Wapendwa, nilitaja kadoni mara moja tu, mstari mmoja, nilipokuwa naongelea mboga chungu, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Kumbe mnayo wengi! Mwingine kaletewa mbegu na ndugu aliye Italia, mwingine kapewa mche na masista, mwingine alinunua akidhani ni atichoki. Nimekusanya maswali yanayofanana nikayaweka pamoja, msinune kama lako halimo.

Kwa ambao hawajawahi kuiona: ni mmea wa ukoo mmoja na alizeti, letusi na ile ssere yetu inayong'ang'ania suruali. Asili yake ni nchi za Mediterania. Na atichoki ni ndugu yake wa tumbo moja, wataalamu wanaziita zote Cynara cardunculus, ila atichoki unakula tumba la ua na kadoni unakula kikonyo, ule mguu mnene wa jani unaofanana kidogo na seleri. Majani ni ya kijivu kama yamepakwa majivu, na miiba ipo, msiseme sikuwaambia.

Anti shikamoo. Kaka yangu yuko Turin, amenitumia pakiti ya mbegu akasema nizipande tu kama sukuma. Shamba langu ni la mteremko, baridi tunayo. Nianzie wapi na nipande mwezi gani?
*Mama wa watatu, Kabale*

Marahaba mwanangu. Hiyo ya "kama sukuma" isahau leo leo. Mimi mwenyewe nilidanganyika hivyo hivyo, nikapanda futi moja moja, baada ya miezi minne nilikuwa na kichaka ambacho hata mbwa wa jirani alikizunguka. Kadoni moja iliyoshiba inafika mita moja na nusu kwenda juu, hata mbili, na upana wake ni kama mita nzima. Kwa hiyo mche hadi mche acha mita 1, mstari hadi mstari mita 1.2 au zaidi kidogo ili upate pa kupita bila kuchanwa mikono. Mwanzoni itaonekana unapoteza ardhi, basi hapo katikati panda maharage au dodo (mchicha), utavuna mapema kabla kadoni haijafunga.

Mbegu ni kubwa, unazishika vizuri, zinafanana na mbegu ndogo za alizeti. Loweka usiku mmoja, asubuhi weka mbili mbili kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, lenye udongo na mbolea iliyooza, kina cha sentimita 2. Chagua buveera virefu, sentimita 15 au zaidi, kwa sababu hii kitu inatoa mzizi mmoja wa kati unaoshuka chini haraka, na ukiukunja ukiwa mdogo mmea unadumaa. Zinaota kati ya siku 10 na wiki 3, usianze kufukuafukua siku ya tano. Zikiota zote mbili, ng'oa dhaifu. Na kwa kuwa miche ya mbegu haifanani, mingine ina miiba mikali mingine laini, ukiwa na ya kuchagua chagua yenye miiba midogo, utanishukuru siku ya kufunga. Ikifika majani manne hivi peleka shambani, shimo lenye kina cha jembe zima, debe la samadi iliyooza lichanganye na udongo wa juu.

Sasa mwezi. Hapa ndipo wengi wanakosea, hata wakulima wazuri. Sisi tumezoea kuhesabu kutoka mwanzo wa mvua: mvua ikidondoka, mbegu chini. Kadoni ihesabu kutoka mwisho. Kabla ya kuila lazima uifunge gizani wiki tatu au nne ili ipungue uchungu, nitaeleza huko mbele, na ukiifunga wakati wa mvua inaoza ndani kama kabichi iliyosahaulika kwenye gunia. Kwa hiyo kwanza tafuta kiangazi chako, halafu rudi nyuma miezi minne na nusu, hapo ndipo pa kusia. Kabale mna ukavu Juni mpaka Agosti, basi sia mwisho wa Februari, miche iingie shambani mvua ya Aprili, funga Julai. Msimu wa pili sia mwanzo wa Agosti, ufunge katikati ya Desemba au Januari. Ndugu zangu wa Gulu na Lira ambao mvua yenu ni moja ndefu, nyinyi sieni Julai, mwezi wa kumi na mbili mnafunga mkiwa na jua la kutosha.

Mteremko ni bahati, usiusawazishe. Ila maji ya kumwagilia yawe karibu, manake ikikaa na kiu wiki mbili tatu vile vikonyo vinakuwa na sponji katikati na havina tena maana jikoni.

Anti, nimepanga nyumba Namugongo upande wa chini karibu na bonde. Kadoni zangu 6 zilikuwa nzuri, mvua imepiga wiki mbili, sasa majani ya chini ni njano na mchana zinalala chini kabisa. Nazidi kumwagilia lakini wapi. Naweza kuhamishia kwenye jerikeni?
*Kijana wa kupanga*

Acha kumwagilia, ssebo! Mmea unaolala wakati udongo umelowa haulii kiu, unalia kwamba mizizi imezama. Kadoni inapenda maji yanayopita, siyo maji yanayokaa. Chimba pembeni ya mmoja utazame mzizi, ukiwa wa kahawia na unateleza huo umekwenda, ng'oa uutupe mbali. Inayobaki na mzizi mweupe mgumu, tengeneza mfereji kuzunguka upesi leo hii, maji yatoke.

Mara nyingine panda juu ya tuta la sentimita 30 au 40, udongo wa mfinyanzi uchanganye na maganda ya kahawa yaliyooza na mchanga kidogo. Na jerikeni hapana, mzizi wake hauenei hapo. Ukipata pipa la lita 200 ukalikata katikati, ukatoboa matundu mengi chini, kila nusu itabeba mmea mmoja, mmoja tu.

Anti nisaidie, karibu nivunje ndoa kwa ajili ya mboga. Nilichuma kadoni nikaipika kama nakati, kitunguu, nyanya, dakika kumi. Mzee alionja akaniuliza kama nimemwekea kwinini. Nimekosea wapi? Na si mnasema wazungu wanaipenda?
*Fort Portal*

Pole nnyabo, nimecheka halafu nikakuonea huruma. Hukukosea mapishi tu, ulikosea mwezi mzima kabla ya mapishi. Kadoni iliyoachwa juani hivi hivi ni chungu kuliko katunkuma, zile nyanya chungu ndogo, na mimi katunkuma nalila bila kukunja uso. Uchungu unapungua ukikinyima kile kikonyo mwanga kikawa cheupe au kijani hafifu sana. Yaani kufunga ndiyo kazi yenyewe, kule kupanda ni utangulizi.

Unasubiri mmea uwe na angalau mita moja. Chagua siku ya jua, saa nane mchana, umande umekauka. Vaa shati la mikono mirefu na glavu, usijifanye shujaa. Toa majani yaliyokauka chini, angalia ndani mle kama kuna konokono, ukimfungia konokono humo umempa nyumba na chakula. Kisha kusanya majani yote juu kama unavyokusanya nywele za mtoto kusuka, mmoja ashike mwingine afunge, mafundo matatu, chini, katikati, juu. Kamba nzuri kuliko zote ni byai, zile nyuzi kavu za mgomba tunazofungia matoke, kwa sababu hazikati kikonyo. Halafu zungushia: magazeti kadhaa, au boksi, au gunia la katani, mimi siku hizi natumia majani makavu ya mgomba, natandika mengi nafunga tena juu. Vichwa vya majani viachwe nje vipate jua, mmea uendelee kuishi. Mwisho vuta udongo mkavu kwenye shina kama unavyovutia viazi.

Plastiki usiguse. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga mimea kumi na buveera vyeusi nikijiona mjanja, nikaenda zangu matanga kijijini, niliporudi harufu ilinipokea getini. Kumi yote. Plastiki inafungia jasho la mmea ndani, na jua letu hili linaipika ikiwa hai.

Wiki tatu, fungua mmoja kwa pembeni uchungulie. Ukiona bado ni kijani iliyokolea, rudisha, ngoja wiki nyingine. Ukizidisha sana napo inaanza kuoza, kwa hiyo usifunge yote siku moja, funga miwili leo na miwili wiki ijayo, utakula taratibu. Kuna watu kule Nizza Monferrato, Italia ya kaskazini, wao wanaulaza mmea mzima ubavuni wanauzika kwenye udongo, wenyewe ukihangaika kutafuta mwanga unajikunja mgongo, unatoka mweupe na mtamu kiasi cha kuliwa mbichi. Wanaita *cardo gobbo*, yaani kadoni kibiongo. Kwa udongo wa mchanga inawezekana, kwa mfinyanzi wetu unaonata sikushauri, nilijaribu mmoja ukanifia.

Sasa jikoni. Kata shina lote chini. Vikonyo vya nje vilivyo vigumu tupa kwenye mboji, vya ndani ndivyo chakula. Pangusa majani na miiba ya pembeni kwa kisu, kisha anza juu vuta zile nyuzi ndefu za mgongoni, zinavutika kama za seleri, usizivumilie hata moja. Kata vipande vya kidole kimoja, na kila kipande kiingie papo hapo kwenye maji ya ndimu la sivyo kinakuwa cheusi kama ndizi iliyomenywa. Chemsha na chumvi na ndimu, siyo dakika kumi, nusu saa mpaka saa nzima kutegemea ukomavu, mpaka uma uingie bila kusukuma. Maji hayo mwaga. Uchungu mwingi unakwenda nayo.

Hapo tu ndipo unaanza kupika kwa maana ya kupika. Unaweza kukaanga na kitunguu na nyanya kama ulivyofanya. Lakini hebu nikuambie ninachokipenda: huko Hispania, Navarra na Aragón, wanaila Krismasi na mchuzi wa lozi zilizosagwa. Nikajiuliza, lozi za nini wakati nina karanga? Basi naiweka kwenye binyebwa mzito, dakika kumi na tano moto mdogo, na matoke pembeni. Na Waitalia wa huko kwa kaka yake yule mama wa Kabale wanachovya vipande kwenye mafuta ya moto yenye vitunguu saumu na samaki wadogo wa chumvi, ukikaanga mukene (dagaa) mkavu na saumu ukamwaga juu unakaribia hapo hapo. Hata Wamorokko wanaipika na nyama kwenye tajini. Ladha ikitoka vizuri ni kama atichoki, ina uchungu kidogo wa mwishoni halafu maji unayokunywa baadaye yanaonekana matamu.

Mpikie mzee tena. Usimwambie ni ile ile mpaka amalize sahani.

Nimesoma kwamba maua ya kadoni yanagandisha maziwa ya jibini. Nina ng'ombe 9 na maziwa yananishinda bei ikishuka. Kadoni zangu zina mwaka na nusu, majani makubwa ajabu, ua hata moja. Shida ni mbolea?
*Mfugaji, Mbarara*

Ssebo, maswali yako ni mawili na yote majibu yake hutayafurahia sana.

La kwanza, ua. Kadoni inataka kuonja baridi kabla haijatoa ua, wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi, kwao huko inapata wakati wa kipupwe. Mbarara wapi utaipata? Mmea wako siyo mgonjwa, unasubiri kipupwe ambacho hakiji. Kabale na Kapchorwa wanaweza kubahatisha manake usiku kwao unashuka. Kwa anayetaka vikonyo, hii ni neema, mmea ukitoa ua vikonyo vinakuwa kuni. Kwako wewe ni hasara, na mbolea haitasaidia, itaongeza majani tu.

La pili, jibini. Ulichosoma ni kweli kabisa. Ureno kuna jibini ya Serra da Estrela, Hispania kuna Torta del Casar, zote zinagandishwa kwa nyuzi za zambarau za ua la kadoni zilizokaushwa, zinasagwa na chumvi au kulowekwa, maji yake yanachujwa na kuingia kwenye maziwa ya vuguvugu. Lakini zote mbili ni maziwa ya kondoo. Ya mbuzi pia yanakubali. Ya ng'ombe yanaganda, ndiyo, ila jibini ikikaa kukomaa inapata uchungu. Sasa wewe una ng'ombe tisa. Mimi ningeendelea na samli, eshabwe, ule mchuzi wa samli, inapendwa na watu hawaulizi maswali.

Anti, wadudu weusi wadogo wamejaa chini ya majani na siafu wanapanda na kushuka. Nipige dawa gani?
*Jinja*

Hao ni vidukari, na hao wanaopanda naona ni sisimizi siyo siafu, siafu ungekuwa umehama nyumba. Sisimizi wanawafuga vidukari wapate ule utamu wao. Kijiko cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, piga jioni, lenga chini ya jani siyo juu, rudia baada ya siku nne. Kama umepanga kufunga mmea, maliza vidukari kwanza, humo gizani wanazaana wakiwa wamestarehe. Na ukiona mche umekatwa usiku kama kwa wembe, hiyo ni sota, kiwavi mkata miche, fukua pale pale kwenye shina utamkuta amejikunja, na miche mingine ivalishe pete ya karatasi ngumu.

Jirani yangu mwalimu mstaafu anasema nimeleta gugu ambalo litameza kijiji, anataka nizing'oe. Anatania au?
*Mukono*

Msalimie mwalimu, hatanii, amesoma. Charles Darwin alipopita Argentina na Uruguay, mwaka 1833 huo, alikuta kadoni iliyoletwa kutoka Ulaya imefunika mamia ya maili za mraba, mtu hapiti mnyama hapiti. California na Australia wanapigana nayo mpaka leo. Shida ni mbegu, zina manyoya zinaruka na upepo.

Lakini bila ua hakuna mbegu, na Mukono joto lenyewe linakulinda, soma jibu la mfugaji hapo juu. Ikitokea ua limechomoza, nawe usishangae sana, ni zuri, la zambarau, nyuki wanalifuata kweli kweli, liache siku chache ufurahie halafu likate kabla halijaanza kutoa pamba. Usitupe kwenye mtaro. Mwalimu mpelekee mboga iliyopikwa, maneno yatapungua.

Nikipanda ekari moja nitauza wapi Kampala?
*Wakiso*

Ekari moja hapana. Nenda soko la Nakasero kwanza, upande wanaouza mboga za kigeni, na ongea na wapishi wawili watatu wa hoteli wenye menyu ya Kiitaliano, waulize wanataka vikonyo vingapi kwa wiki. Ukipata jibu lenye namba, panda kwa namba hiyo. Anayeikuta sokoni bila kuijua atadhani ni seleri iliyozeeka.

Nimekata kadoni zangu zote nimekula, zimechipua tena pembeni, chipukizi sita sita. Niziache au ni lazima kununua mbegu upya?
*Kapchorwa*

Mbegu za nini tena! Kadoni haifi ukiikata, inaishi miaka kadhaa, ni kama mgomba tu, na wewe si unajua kupunguza machipukizi? Acha moja lenye nguvu kwenye shina mama, hayo mengine yakifika kimo cha mkono mpaka kiwiko, fukua pembeni uyachomoe na kisigino cha mzizi, chipukizi lisilo na mzizi usihangaike nalo. Majani yakate yabaki sentimita 15, panda jioni, mwagilia, tengenezea kivuli cha jani la mgomba. Faida yake ni kwamba machipukizi yanafanana na mama, kwa hiyo chukua ya ule mmea uliokuwa na miiba michache na vikonyo vinene, ya wale wakali waache waende kwenye mboji. Kila baada ya miaka mitatu hivi shina mama linachoka, ling'oe lote usogee sehemu nyingine ya shamba.

Jani la mgomba litoe baada ya wiki moja, na litoe jioni, asubuhi jua la huko juu kwenu litaliunguza chipukizi kabla halijazoea.